Kibao Juu ya Tuta la Oenasi

Oenasi, 3 Novemba 2009

Welmince mpwa wangu,

Barua hii naiandika mwenyewe, usidhani kuna mwalimu aliyenishikia kalamu. Anayesema Mesakh hajui kuandika mwambie aje aone. Naenda polepole, lakini herufi zangu zimesimama wima kama nguzo, si kama zako zinazolala lala.

Nina hasira, na hasira yenyewe ni ya ofisi yako.

Watu wenu walikuja na gari, wakapanda juu ya tuta la bwawa letu, wakapigilia kibao cha bati. Hawakuleta tambuu, hawakuketi, hawakuniita. Nyundo tatu nne, wakaenda zao. Kibao kinasema: BWAWA LA OENASI. DARAJA LA CHINI. Nimekisoma mpaka macho yakatoa machozi. Daraja la chini! Bwawa langu!

Nani aliyeswaga nyati wa ukoo mzima wakakanyaga ule udongo, wakaenda wakirudi, wakaenda wakirudi, mpaka ukawa mgumu kama kisigino cha bibi yako? Mimi. Serikali ilileta saruji ya ule utoro wa kupitishia maji yanayozidi, basi. Kila kitu kingine ni mimi na nyati. Toka hapa mpaka mjini Soe hakuna tuta kama lile. Hata dunia ikipasuka, tuta la Mesakh litabaki limesimama peke yake likishangaa.

Simson, yule dereva wa lori, ananicheka sokoni. "Mzee, kumbe bwawa lako limefeli mtihani!" Nikamwambia ashuke kwenye lori tupigane. Hakushuka.

Mwambie mkuu wako aje aking'oe kibao chake. Akija bila tambuu, nitakipigilia mgongoni kwake.

Mdogo wako Orpa tumbo limeshuka, siku yoyote sasa. Mumewe bado yuko Malesia kwenye michikichi. Usihangaike, atakaa nyumba ya barabarani, ile ya bati, kama mnavyotaka ninyi watu wa serikali. Bwawa ni zima. Mguuni mwa tuta pamelowa kidogo, ni jasho tu. Mwanamume akibeba mzigo hutoka jasho.

Mimi mjomba wako,
Mesakh Nabuasa, mjenzi wa bwawa


Kupang, 14 Novemba 2009

Mjomba ninayekuheshimu,

Simson amebeba kifurushi cha tambuu, popoo na chokaa. Tafadhali tafuna kwanza, ndipo usome.

Kile kibao hakikutukani. Lile daraja si alama ya mjenzi. Sisi hatuulizi bwawa limejengwa vizuri au vibaya. Tunauliza likipasuka litaua nani. Likiwa juu ya vichaka na mahindi tu, linaitwa la daraja la chini. Likiwa juu ya mashamba makubwa na barabara, la kati. Chini yake kukiwa na watu wanaolala, ni la juu, hata kama limejengwa kwa chuma. Kwa hiyo bwawa bovu linaweza kuwa la daraja la chini, na bwawa zuri likawa la juu.

La daraja la juu hukaguliwa kila mwaka kabla ya mvua, na hutengewa fungu la matengenezo. La chini haliendewi na mtu. Ripoti inasema bondeni Oenasi hakai mtu yeyote: wote wamehamia barabarani na zile nyumba za mviringo zimebaki ghala za mahindi. Nilipoondoka nyumbani haikuwa hivyo, lakini nimefurahi. Moshi wa nyumba zile ulituumiza vifua.

Hilo jasho lakini halinipendezi. Maji yanayotoka ni maangavu au yana rangi? Chota kwenye bilauri uangalie. Na Orpa aende kujifungulia zahanati, Mjomba. Nakuomba.

Mpwa wako,
Welmince Fallo


Oenasi, 24 Novemba 2009

Welmince,

Tambuu nimetafuna. Ilikuwa nzuri. Ndiyo maana sijaja Kupang kwa miguu kukuchapa.

Hakai mtu yeyote! Nani huyo hakai? Mama yako Dorkas, dada yangu wa tumbo moja, si mtu? Yule kiziwi Habel na wanawe? Mjane Naomi anayefuma vitambaa mnavyonunua ninyi watu wa Kupang mkapigie picha? Nyumba za bati barabarani tulijenga kwa kuwa mlitulazimisha. Mchana zinachoma kama kikaango, usiku zinagandisha. Wageni wakija tunaketi humo, wakiondoka tunateremka kwetu. Moto uko bondeni, mahindi yako bondeni, wazee wetu wamezikwa bondeni. Nani aliyewaambia hakuna watu? Nitajie jina. Nitaufuata mdomo wake kama nyuki.

Kwa hiyo likipasuka hatufi? Tunafutika tu, kama panya wa ghalani?

Sisemi litapasuka. Halipasuki. Nasema heshima.

Nimechota kwenye bilauri kama ulivyoagiza. Yana rangi ya chai. Si chai nzito, chai ya mgeni usiyempenda.

Orpa amejifungua msichana. Mapafu yake ni ya ukoo wangu, akilia mbwa wanakimbia. Mzazi ni mzima, anaota moto vizuri.

Mjomba wako,
Mesakh


Kupang, 5 Desemba 2009

Mjomba,

Safari hii sikutuma tambuu. Nimekasirika na sitaki kuficha.

Uliomba jina. Nimefungua ripoti ya mpimaji. Anasema alimkuta juu ya tuta mzee mmoja, amevaa kofia ya manyoya ya jogoo, ambaye kabla ya kuulizwa chochote alisema yeye ndiye aliyelijenga bwawa. Mpimaji akamwonyesha paa za nyasi bondeni, akauliza kama kuna wanaolala humo. Mzee akajibu: "Hizo? Ghala za mahindi. Sisi ni watu wa maendeleo."

Oenasi nzima kofia ya manyoya ya jogoo ni moja.

Halafu unaniandikia Orpa anaota moto. Nyumba yetu ya bati haina jiko la moto, Mjomba. Nilishiriki kuijenga, naijua. Ana moto wapi? Yuko bondeni, sivyo? Yuko ndani ya nyumba ya mviringo, chini ya tuta, na mtoto mchanga, na hatatoka kando ya moto mpaka arobaini yake iishe. Ulinidanganya.

Sasa sikiliza. Maji maangavu yakivuja ni maji tu. Maji ya rangi ya chai yana udongo ndani yake, na udongo huo unatoka tumboni mwa tuta. Linajila kwa ndani. Kwa nje utaliona limesimama vilevile, mpaka siku litakapoketi. Mvua kubwa za Desemba bado hazijaja. Zikija, siwezi kusema litaketi lini, hakuna anayeweza kusema.

Nimemwandikia mkuu wangu kuomba daraja libadilishwe na mafundi waje. Wewe mtoe Orpa. Wewe ni mjomba wake. Kwetu mzazi hutolewa nje na mjomba. Mtoe leo.

Welmince


Idara ya Mabwawa Madogo
11 Desemba 2009

Kwa Bw. M. Nabuasa, Oenasi

Maombi yaliyoletwa kwa niaba yako yamepokelewa. Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu hakuna makazi chini ya bwawa tajwa. Daraja lake litapitiwa upya wakati wa upimaji ujao. Iwapo kuna watu wanaotumia ghala kama makazi, wanaagizwa kurudi kwenye nyumba zao zilizosajiliwa. Unakumbushwa kwamba bwawa ni mali ya serikali na ni marufuku kulichimba, kulipasua au kubadili utoro wake.

Kaimu Mkuu wa Idara


Oenasi, 17 Desemba 2009

Mpwa wangu,

Barua ya mkuu wako imefika. Karatasi nzuri, nene. Nimemsomea Habel kiziwi, na hata yeye amekasirika.

Na wewe usinipandie kichwani. Ndiyo, nilisema ghala! Ulitaka niseme nini? Alikuja muuguzi akasema moshi wetu unaua watoto, atakayezalia kwenye nyumba ya mviringo atalipa faini. Wakaja wakubwa wakasema nyumba hizo ni aibu, wataziondoa. Halafu anakuja kijana na karatasi, hana hata kipande cha popoo, ananiuliza tunalala wapi! Mtu mwenye akili anamwambia mgeni kama huyo alalapo? Nikasema ghala, na wote waliokuwepo wakaitikia, ghala, ghala, hata mkuu wa kijiji ambaye mama yake mzazi yumo humo mpaka leo. Kosa ni la anayeuliza akiwa amesimama. Angeketi, angetafuna, angejua.

Orpa yuko bondeni, ndiyo. Nimekwenda kumtoa. Nilibeba kitambaa kipya na kikapu cha tambuu, kama mjomba anavyopaswa. Mama yako alikuwa mlangoni anachochea kuni. Akakitazama kikapu, hakukigusa.

"Kaka, hicho cha nini? Arobaini bado."

"Nimekuja kumtoa Orpa. Tuta linatoka udongo."

"Tuta gani?"

"Dorkas, usinitanie."

"Tuta lile ambalo dunia ikipasuka lenyewe linabaki? Uliloapa mbele ya mchungaji kwamba hata malaika apige tarumbeta halitetemeki? Kaka, maneno yako nimeyala tangu tulipokuwa tunachunga mbuzi. Nimeshiba. Niachie mtoto wangu aote moto."

Naomi akacheka mpaka akaangusha uzi. Na kutoka ndani ya moshi huyo Orpa wako naye, "Mjomba, si ulisema jasho tu?"

Nikawaeleza habari ya chai. Wakasema Mesakh amezeeka, sasa anaogopa bilauri. Nikapiga kelele. Nikipiga kelele wananipenda zaidi, ndivyo wanavyonijua, hawasikii kitu. Na unajua kwetu tambuu isipopokelewa neno halijasemwa. Nilipanda kilima nikiwa mtu ambaye hakusema chochote.

Mvua imeanza jana. Maji yako shingoni mwa tuta. Pale palipolowa sasa pana mdomo, unaingiza ngumi.

Niambie la kufanya. Na usiniambie nisubiri upimaji ujao.

Mesakh


Kupang, 23 Desemba 2009

Mjomba,

Nilipanda basi kuja. Mto umekata barabara, tumerudishwa. Simson amekubali kuvusha barua hii kwa miguu, mkirimu.

Kama mtumishi wa idara nakuandikia: usiguse bwawa. Umekatazwa kwa maandishi. Ukiligusa watakushtaki, nami sitakuwa na mdomo wa kukutetea.

Kama binti wa Dorkas nakuandikia hivi. Usikate katikati ya tuta, utawaua walio bondeni wewe mwenyewe. Nenda kwenye utoro, upande wa mwamba. Vunja kizingiti cha saruji, chimba chini kidogo, acha maji yashuke, kisha chimba tena. Ukiona yanakula kingo za pembeni, toka. Mtu akae bondeni kabla hujaanza, kila mlango upigiwe hodi, wasipotaka kutoka waburutwe. Maji yatapanda korongoni.

Bwawa litakuwa tupu wakati wa kiangazi. Najua linamaanisha nini kwako. Najua linamaanisha nini kwa ng'ombe pia.

Usimwonyeshe mtu barua hii.

Welmince


Oenasi, 8 Januari 2010

Welmince,

Wote ni wazima. Nimeanza na hilo ili usome yaliyobaki bila kutetemeka.

Tulikuwa mimi, Simson, na wana wawili wa Habel. Sururu, mtaimbo, majembe. Mvua inatupiga usoni. Simson anasema, "Mzee, tukifungwa, wewe utalala karibu na ndoo." Nikamwambia apige mtaimbo. Kile kizingiti cha saruji ya serikali kilivunjika kama muhogo mkavu! Chini yake ndipo tukakuta udongo wangu, na huo, mpwa wangu, ulitutoa roho. Mtaimbo unaruka. Simson anatukana, "Nyati gani hawa uliowatumia?" Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikapiga jembe.

Habel nilimweka bondeni agonge milango. Kiziwi ni mzuri kwa kazi hiyo, unamtukana hasikii, anaendelea kugonga. Hawakutoka. Walitoka maji yalipojaa korongo na kuanza kulamba vizingiti vya nyumba. Hapo wakanikumbuka! Nilisikia laana zangu zinapanda kilima kabla sijawaona watu. Mbele alikuja mama yako, panga mkono mmoja, na mkono wa pili amekumbatia chungu kimefunikwa jani la mgomba: makaa ya moto wa mzazi, ili usizimike njiani. Orpa nyuma yake na mtoto, wamefunikwa blanketi moja. Mama yako akasimama juu yangu.

"Umetumwagia maji, Mesakh! Umemtoa mzazi kwenye mvua!"

"Nimemtoa, ndiyo."

"Mahindi yangu!"

"Yaandikie barua."

Angenikata, nakwambia. Simson akamshika kiuno. Na wakati wanavutana, maji yameshuka nusu bwawa, tukasikia kitu kama ng'ombe mkubwa analala chini. Tuta likaketi. Pale kwenye chai, likaketi lenyewe, likafanya shimo ambalo nyati angeingia na pembe zake, na maji yaliyokuwa yamebaki yakapita hapo. Yalibeba nyumba mbili za chini kabisa, ya Naomi na ile ya mama yako. Nguruwe mmoja pia. Kama lingeketi likiwa limejaa, ningekuandikia mambo mengine.

Mama yako alitazama pale nyumba ilipokuwa. Akaweka chungu chini, akapuliza makaa. Mpaka leo hajaniambia neno.

Usidhani wamenishukuru. Hawa? Wanasema Mesakh aliyeleta maji ndiye aliyeyafukuza. Wanawake wataanza kuchota mbali, na kila ndoo wataniita jina. Ng'ombe wenyewe wananiangalia vibaya. Na polisi wamekuja, wametembea juu ya tuta na viatu vyao, wamepiga picha, wameniambia niende mjini Soe tarehe mosi Februari. Mkuu wako ndiye aliyewatuma.

Lilikuwa tuta zuri. Mtu asikudanganye. Lilikuwa linahitaji mtu wa kuja kulitazama kila mwaka, basi.

Mesakh


Kupang, 19 Januari 2010

Mjomba,

Nimekaa na mtu anayejua sheria. Anasema kesi ni nyepesi kama utasema jambo moja: mvua ndiyo iliyovunja utoro. Hakuna shahidi kutoka serikalini aliyekuona na jembe. Simson atanyamaza. Idara yenyewe ingependa iwe hivyo. Maafa ya asili hayamgusi mtu, wala daraja lao halitaulizwa. Mkuu amenidokeza kwa mdomo wake kwamba wakisikia neno mvua wataifunga faili.

Nakuomba, safari hii usijisifu. Una umri gani wa kulala sakafuni? Sema mvua. Neno moja tu.

Nimetuma tambuu. Ipokee.

Welmince


Soe, 2 Februari 2010

Mpwa wangu,

Tambuu nimeipokea na neno lako nimelisikia. Sasa sikia langu.

Jana waliniketisha mbele ya karani wa polisi. Kijana mpole, alinipa kiti. Akasema, "Babu, ni mvua, sivyo?" Akanikonyeza kabisa. Nikamwambia anisomee kwanza wanachonishtaki. Akasema ni mambo ya kisheria, hayana haja. Nikamwambia mimi najua kusoma, nimewahi hata kuisoma barua ya mkuu wa idara kwa kiziwi. Akanisogezea karatasi.

Nimeisoma mwenyewe. Polepole. Ina mashtaka mawili. La kwanza ni kuharibu mali ya serikali. Sawa. La pili nimelinakili hapa herufi kwa herufi, nawe ulisome ukiwa umeketi:

"Kwa kumwaga maji ya bwawa kwa makusudi, mshtakiwa alihatarisha maisha ya watu wakaao chini ya bwawa la Oenasi."

Welmince! Watu wakaao chini ya bwawa la Oenasi!

Nikamwomba karani anisomee kwa sauti. Akasoma. Nikamwambia arudie, nataka na askari wa mlangoni asikie. Akarudia. Nikauliza, "Watu gani?" Akapekua, akanionyesha orodha waliyoiandika walipokuja: Dorkas Fallo, Naomi, Habel na wanawe, mama wa mkuu wa kijiji, Orpa, na mtoto mchanga wa kike ambaye hajapewa jina. Chini pana muhuri wa serikali, wa rangi ya zambarau, bado unanuka wino. Ili wanifunge mimi, imebidi waandike kwamba hawa ni watu.

Nikisema mvua, faili inafungwa, na karatasi hii wanaiwashia jiko. Kesho atakuja mpimaji mwingine, atatazama zile paa za nyasi, atapigilia bati lingine.

Kwa hiyo sisemi mvua. Nimesema ni mimi, kwa jembe langu, mchana kweupe, na kwamba hakuna mwingine Timor nzima ambaye angeweza kulitoboa tuta lile. Karani alishika kichwa. Alitaka nitie dole gumba kwenye wino kama wasiojua kusoma. Nikakataa, nikaomba kalamu.

Wewe una haki ya kupata nakala, nimeuliza. Ichukue, uipeleke juu ya meza ya mkuu wako, uweke kidole kwenye mstari huo, na usikiondoe mpaka abadilishe daraja. Akisema litapitiwa wakati wa upimaji ujao, mwambie mjomba wako anasubiri akiwa amefungwa, na hana kazi nyingine.

Wananiita. Sahihi niliyotia kwenye karatasi yao ilijaza mstari mzima na kupita.

Mesakh Nabuasa